Kumsaidia mzee alale na joto msimu wa kipupwe: mwongozo kamili kwa familia na majirani wa Nyanda za Juu Kusini

Mwezi wa Juni unapoingia Makete, Njombe, Mufindi na milimani Mbeya, kusini mwa Tanzania, baridi hupanga ratiba ya kila nyumba. Kwenye uwanda wa Kitulo, ulioko mita zipatazo 2,600 juu ya usawa wa bahari, nyasi huamka nyeupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, na mashina ya viazi yaliyochelewa shambani hukutwa yameungua kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Kijana huvaa koti akaenda zake. Bibi wa miaka 80 anayelala peke yake chini ya mabati yasiyo na dari hana pa kwenda, naye kwa kawaida hatalalamika, kwa sababu amezoea kusema kwamba baridi ni ya kila mwaka.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtoto, mjukuu, jirani, mwanakwaya au kiongozi wa kitongoji anayetaka kumsaidia mzee kama huyo kabla usiku mbaya haujafika. Jambo kuu ninalolisisitiza tangu mwanzo ni hili: nyumba nyingi za wazee wetu hazikosi joto, bali zinalipoteza. Jua la mchana, chakula, mwili wenyewe na moto wa jikoni hutoa joto la kutosha kumvusha mtu usiku, ila joto hilo hutorokea juu ya ukuta, chini ya mlango na ndani ya godoro jembamba. Kazi yetu ni kulizuia lisitoke. Anayeamua kuongeza joto kwa kuingiza jiko la mkaa chumbani amechagua njia ambayo kila msimu huzika watu.

Kwa nini mzee huumia na baridi kuliko wengine

Kadiri umri unavyosonga, misuli hupungua, na misuli ndiyo inayozalisha sehemu kubwa ya joto la mwili, hasa tunapotetemeka. Ngozi nayo huwa nyembamba, na hisia ya baridi hufifia, kiasi kwamba mzee anaweza kusema hasikii baridi ilhali mikono yake imekuwa kama jiwe la mtoni. Baridi hubana mishipa ya damu na kupandisha shinikizo, ndiyo maana kiharusi na mshtuko wa moyo huongezeka wakati wa baridi, pamoja na nimonia na kubanwa kifua. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi, hiyo tayari ni dharura ya kitabibu.

Katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu nyumba na afya, Shirika la Afya Duniani lilitaja nyuzi 18 kuwa kiwango salama cha ndani ya nyumba katika nchi zenye majira ya baridi, na likaongeza kwamba wazee na wagonjwa huenda wakahitaji zaidi ya hapo. Kipimajoto nilichokitundika mwezi wa Julai chumbani kwa bibi yangu mzaa mama, nje kidogo ya mji wa Njombe, kilisoma nyuzi 9 saa 11 alfajiri, wakati mlango na dirisha vyote vilikuwa vimefungwa. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba bibi yangu alikuwa akilala mahali ambapo siagi isingeyeyuka.

Hatua ya kwanza: nenda usiku, si mchana

Ukienda mchana utakuta jua uwanjani na mzee ameketi barazani akiota, nawe utaondoka ukiamini kwamba mambo ni mazuri. Nenda jioni, baada ya saa 1, na ikiwezekana ulale huko usiku mmoja. Msalimie kama desturi inavyotaka, keti, kunywa chai, kisha omba ruhusa ya kuona anapolala. Chumba cha mzee ni heshima yake. Usiingie ukihesabu kasoro kwa sauti, wala usihamishe kitu kabla hajakubali. Mzee akiona kwamba unampangia maisha, atakubali kila kitu mbele yako na kukirudisha mahali pake ukishatoka.

Ukiwa chumbani, washa mshumaa na uupitishe polepole kandokando ya dirisha, chini ya mlango na juu mahali ukuta unapokutana na bati, ukiuweka mbali na pazia na nguo. Ulimi wa moto ukilala upande mmoja, hapo ndipo upepo unapoingilia. Weka alama ya chaki. Kisha weka kiganja sakafuni, kwenye ukuta wa kichwani, na chini ya godoro, katikati yake na chaga. Asubuhi angalia bati kwa ndani: matone yakiwa yamening'inia, ujue kwamba unyevu wa pumzi unageuka maji huko juu na kumdondokea, na blanketi lenye unyevu halipashi joto.

Hatua ya pili: mpashe mtu kwanza, kisha kitanda

Fedha ikiwa kidogo, ianzie hapa. Nguo kadhaa nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine huhifadhi joto kuliko koti moja zito, kwa sababu hewa iliyonaswa katikati ya tabaka ndiyo inayozuia joto kutoroka. Mzee alale na fulana ya pamba mwilini, sweta juu yake, suruali laini au gauni refu lenye taiti ndani, soksi za sufu zisizobana, na kofia. Usidharau kofia: wakati mwili wote umefunikwa, kichwa ndicho kinachobaki nje usiku kucha. Nguo alizoshinda nazo shambani zisiingie kitandani, maana zimenyonya jasho na umande.

Kuhusu kitanda, watu wengi hununua blanketi la pili la kujifunika na kusahau kwamba baridi hutoka chini pia. Godoro la sponji lililochoka hubonyea chini ya nyonga na mabega, na palepale lilipobonyea ndipo joto linapopita. Tandika maboksi makavu yaliyokunjuliwa juu ya chaga, kisha godoro, kisha blanketi zito juu ya godoro, na shuka juu yake. Blanketi hilo la chini ndilo lililobadilisha usiku wa bibi yangu kuliko kitu kingine chochote tulichompelekea. Mzee anayelala sakafuni atengenezewe kichanja cha mabanzi ya paini, ambayo kwenye viwanda vya mbao vya Njombe na Mafinga hupatikana kwa bei ndogo, kimwinue angalau kiganja kimoja kutoka kwenye saruji. Kila siku ya jua, blanketi na godoro vitolewe nje kuanzia saa 4 asubuhi na virudishwe kabla ya saa 10 jioni, umande usivikute huko.

Mpira wa maji ya moto, yaani mfuko wa mpira unaojazwa maji ya moto, ni msaada mkubwa, mradi utumiwe kwa uangalifu. Maji yasiwe ya kuchemka. Ujazwe theluthi mbili, hewa itolewe, kifuniko kikazwe, na uvishwe soksi nene au taulo. Uwekwe kitandani nusu saa kabla ya mzee kupanda, kisha usogezwe usigusane na ngozi. Mwenye kisukari au ganzi ya miguu anaweza kuungua bila kusikia maumivu, kwa hiyo kwake mpira uondolewe kabisa anapoingia kitandani. Pasipo na mpira, tofali la kuchoma au jiwe kavu lililopashwa kando ya moto wa jikoni na kuzungushiwa gunia hufanya kazi ileile. Jiwe la mtoni lisitumike, kwa kuwa lililonyonya maji linaweza kupasuka likipata moto.

Hatua ya tatu: tengeneza chumba kimoja tu

Usijaribu kuipasha nyumba nzima. Mkubaliane na mzee kuhusu chumba kimoja, kidogo na kilicho mbali na upande unakovuma upepo, kiwe ndicho cha kulala katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Ikiwezekana kiwe chenye dirisha linaloelekea kaskazini. Huku kwetu, kusini mwa ikweta, jua la miezi hiyo hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta na dirisha la upande huo hupokea joto karibu mchana kutwa. Pazia lifunguliwe jua linapochomoza, na lifungwe saa 10 jioni kabla ukuta haujaanza kupoa. Anayengoja giza ndipo afunge, amekwisha kupoteza sehemu ya alichokichuma mchana.

Nafasi iliyo kati ya ukuta na bati izibwe kwa vipande vya tofali na udongo uliochanganywa na nyasi kavu. Mifuko ya plastiki na matambara huonekana kuwa njia rahisi, lakini panya huyatoa ndani ya wiki moja. Acha tundu moja la hewa lenye ukubwa wa kiganja, juu ukutani, upande usio na upepo, ili pumzi na unyevu vipate pa kutokea. Nyufa za fremu ya dirisha zizibwe kwa udongo laini au magazeti yaliyokunjwa, na kioo kilichovunjika kibadilishwe. Kama hakuna fedha ya kioo, ubao mwembamba upigiliwe kwa sasa.

Chini ya mlango, chukua mguu wa suruali kuukuu, ushone mwisho mmoja, ujaze maranda makavu, kisha ushone mwisho wa pili. Utapata kitu kama mto mrefu. Upigilie kwenye ubao wa chini wa mlango kwa misumari midogo ya vichwa vipana, upande wa ndani, ili uende na mlango unapofunguliwa. Ukiuacha sakafuni bila kuufunga, mzee ataukanyaga usiku na kuanguka, na nyonga iliyovunjika ni msiba mkubwa kuliko upepo uliokuwa ukiingia.

Tuje kwenye paa, ambako hasara ni kubwa kuliko kwingine kote. Nyumba za nyasi za mababu zetu zilikuwa na moshi na viroboto, lakini paa lake nene lilinasa hewa na kuhifadhi joto. Bati, kinyume chake, hutoa joto lake angani mara tu usiku usio na mawingu unapoingia, na ndiyo maana usiku wenye nyota nyingi ndio wenye sakitu. Dari ya chumba kimoja cha mita 3 kwa 3 ni mita za mraba 9 tu, kazi ambayo fundi mmoja huimaliza kwa siku moja au mbili kwa silingi bodi au mbao nyembamba za paini. Kama wana wa familia mnachanga fedha kwa ajili ya mzee, nashauri dari itangulie kabla ya rangi, kabla ya sofa na hata kabla ya televisheni. Mwaka ambao dari haijawezekana, tandazeni shuka zito au turubai juu ya kitanda kama paa la chandarua, likiwa limeinamia upande mmoja ili matone ya bati yachuruzike kwenye beseni. Karibu na turubai hilo pasiwe na mshumaa wala kibatari. Tumieni taa ya sola.

Hatua ya nne: moto ubaki jikoni

Mkaa uliokolea hautoi moshi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Unapowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husikia kichefuchefu na usingizi mzito, kisha haamki. Mkaa uliofunikwa majivu huendelea kuitoa. Beseni la maji kando ya jiko haliiondoi. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi, na jiko lililotolewa nje baada ya kila mtu kusinzia halipo, kwa sababu hakuna aliyebaki macho wa kulitoa.

Kwa hiyo: jiko la mkaa lisiingie katika chumba cha kulala, hata kwa dakika kumi za kupasha. Mzee aote moto jikoni au barazani, penye hewa, huku nguo na kitenge vikiwa vimekunjwa mbali na makaa. Jiko la kuni lililojengwa kwa udongo likiwa na bomba la kutoa moshi nje humpa mzee mahali pa kuketi penye joto jioni nzima, na tofali zake huendelea kuwa na joto baada ya moto kuzimwa. Chumba chochote chenye moto kisizibwe matundu. Yale niliyoyaeleza katika hatua ya tatu ni ya chumba kisichoingizwa moto kabisa.

Ukimkuta mtu amelegea ndani ya chumba chenye jiko, fungua mlango na madirisha, mtoe nje mara moja, na usibaki ndani ukitafuta vitu. Mkimbize kituo cha afya hata akizinduka na kusema amepona, na waeleze wahudumu kwamba alikuwa na mkaa chumbani, kwa kuwa matibabu yake ni oksijeni. Kwa moto uliolipuka, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Wenye umeme huuliza kuhusu hita. Hita ya wati 2,000 hula uniti 2 kwa saa. Ikiwashwa kwa muda wa saa tatu kila usiku ni uniti 180 kwa mwezi, nayo humwondoa mzee kwenye kundi la wateja wadogo wa shirika la umeme, TANESCO, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Itumike kwa muda mfupi tu, mzee anapovua na kuvaa, ichomekwe moja kwa moja ukutani bila waya wa kuunganisha, na izimwe kabla ya kulala.

Hatua ya tano: chakula, maji na safari ya chooni

Mwili usio na chakula hauna cha kuchoma. Mzee ale chakula cha moto jioni, hata kama ni kidogo: viazi, kande, au uji wa ulezi wenye maziwa. Chupa ya chai yenye maji ya moto iwekwe mahali ambapo anaweza kuifikia bila kusimama. Pombe haimpashi mtu joto. Iwe ulanzi, iwe komoni, hupanua mishipa ya ngozi, joto la ndani likatoka, na mnywaji akajisikia vizuri huku akipoa.

Lipo jambo ambalo wazee wengi hawalisemi kwa kuona haya. Huacha kunywa maji na chai tangu mchana kwa sababu choo kiko nje, hatua thelathini gizani, juu ya nyasi zenye sakitu. Wanaotoka saa 9 usiku kutoka kwenye blanketi hupigwa na baridi ya ghafla, na wengi huangukia hapo. Mpelekee ndoo yenye mfuniko mzuri au kiti cha kujisaidia chumbani, taa ya sola kando ya mto, na ndara zisizoteleza. Mwanamke amwambie bibi na mwanamume amwambie babu, kwa faragha, na apatikane mtu wa kuimwaga asubuhi bila kumfanya mzee aombe.

Wengine wa kuangaliwa katika nyumba hiyohiyo

Makete, ambako ugonjwa wa UKIMWI uliacha bibi wengi wakilea wajukuu, mzee na mtoto mchanga mara nyingi hulala chumba kimoja, na ushauri huu kuhusu chumba na moto huwafaa wote wawili. Mgonjwa wa kiharusi asiyejigeuza hupoa upande aliolalia, hivyo ageuzwe na nguo zilizolowa zibadilishwe upesi. Mwenye selimundu (sikoseli) anaweza kupatwa na maumivu makali kwa sababu ya baridi tu, basi asikose nguo za joto na maji ya kunywa. Mwenye pumu asikae kwenye moshi.

Dalili za hatari na la kufanya

Gusa tumbo la mzee chini ya nguo. Mikono baridi ni kawaida. Tumbo baridi si kawaida. Dalili nyingine ni maneno yasiyotamkika vizuri, kuchanganyikiwa, kupepesuka, usingizi usioeleweka, au kutetemeka kulikokoma ilhali bado ana baridi. Mvue nguo zenye unyevu, mfunike mwili na kichwa, na mtu mwingine ajilaze naye chini ya blanketi. Akiwa macho na anameza vizuri, mpe chai ya moto kiasi yenye sukari. Usimsugue mikono na miguu, usimuogeshe maji ya moto, wala usimsogeze karibu na moto mkali. Mbebeni taratibu hadi zahanati. Anayetikiswa ovyo akiwa katika hali hiyo, moyo wake unaweza kubadili mapigo.

Hatua ya mwisho: zamu ya kumtazama

Kabla ya Juni, zungumzeni na mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwandike nani anaishi peke yake, nani ana kisukari au presha, na nani atapita kwake. Saa inayofaa kupita ni saa 1 asubuhi, baada ya saa zenye baridi kali. Kaya isiyo na uwezo iulizwe kama imo katika mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) wa kusaidia kaya maskini, na kama haimo, mtendaji wa kijiji aelezwe mapema.

Nanyi mlioko Dar es Salaam, mnaopiga simu na kusikia "tumeamka salama, mwanangu", ulizeni maswali yenye majibu. Bibi, ulilala na soksi? Blanketi lilikuwa kavu asubuhi? Ulikunywa nini kabla ya kulala? Ulitoka nje mara ngapi usiku? Jiko lililala wapi? Jibu la swali hilo la mwisho likichelewa, mpigie jirani jioni hiyohiyo.